Lupa inapokugeuka: dalili na vyanzo kwa anayepiga muziki wa lupu jukwaani

Mtu anayejenga wimbo peke yake jukwaani, tabaka juu ya tabaka, akipatwa na tatizo hukimbilia kulaumu lupa, yaani kile kifaa kinachorekodi kipande cha muziki (lupu) na kukirudiarudia. Anaiuza, ananunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na tatizo linamfuata hadi kwenye hiyo mpya. Mara nyingi mzizi wa fitina hauko ndani ya lupa. Uko kwenye njia ya sauti: inaingia vipi, inatokea wapi, na ikishafika kwenye miksa, meza ya kuchanganyia sauti, inaruhusiwa kwenda wapi tena.

Njia zenyewe ni mbili tu. Ya kwanza ni mfululizo: gitaa linaingia kwenye lupa, lupa inaingia kwenye miksa, na kila unachopiga lazima kipite ndani ya lupa kwanza. Ya pili ni sambamba: gitaa au maiki inaingia kwenye miksa moja kwa moja, miksa inaipelekea lupa nakala kupitia AUX, njia ya pembeni ya kutolea sauti, na lupa inarudisha ilichorekodi kwenye chaneli nyingine. Zote mbili ni halali. Vurugu huanza pale mtu anapozichanganya bila kujua. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, chomoa waya unaotoka kwenye lupa kisha piga. Ukisikika kama kawaida, uko kwenye sambamba. Ukinyamaza, uko kwenye mfululizo. Jibu hilo liweke kichwani, kwa sababu dalili ileile huwa na dawa tofauti kwenye kila njia.

Lupu inavimba yenyewe hadi inapiga mluzi

Hii ndiyo inayotisha watu kuliko zote, na inastahili muda. Unabonyeza kuongeza tabaka la pili, na lile la kwanza linapanda sauti bila wewe kuligusa. Mzunguko wa tatu umejaa, wa nne hauvumiliki. Wakati mwingine hakuna hata haja ya kurekodi: ukipandisha feda (kidhibiti cha sauti cha kutelezesha) ya lupa tu, spika zinalia.

Maana yake ni kwamba lupa inajisikia yenyewe. Tofauti ya dalili hizo mbili inakuelekeza pa kuanzia. Mluzi ukiwepo hata kabla hujarekodi, lupa inapitisha sauti ghafi, ile inayoingia sasa hivi na si iliyorekodiwa, kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, na mzunguko umefungwa muda wote. Ukitokea tu unapoongeza tabaka, lupa haipitishi sauti ghafi, lakini lupu yake inarudi mlangoni na kurekodiwa upya.

Nenda kwenye chaneli ya miksa ambayo lupa inarudia. Tazama kitufe cha AUX kilekile unachotumia kuipelekea lupa sauti. Kikiwa kimefunguliwa hata kidogo, umempata mchawi. Kizungushe kushoto hadi mwisho, halafu kibandikie kipande cha tepu, maana jukwaani kwenye giza vidole husahau. Dawa ya kudumu zaidi ni kuirudisha lupa kwenye matundu ya RETURN badala ya chaneli ya kawaida. Kwenye miksa nyingi ndogo matundu hayo hayana kitufe cha kupeleka sauti kwenye AUX ya efekti, kwa hiyo hata ukitaka kukosea huwezi.

Kuna mtego mmoja wa pekee kwenye miksa zenye njia ya ALT 3-4, njia ya pili ya kutokea kando ya ile kuu, kama Mackie 1202VLZ. Kitufe chake cha MUTE hakiizimi chaneli kabisa. Kinaiondoa kwenye mchanganyiko mkuu na kuihamishia ALT 3-4. Wapiga lupu wanaipenda njia hiyo, na wana sababu nzuri nitakayoifikia. Lakini kama lupa yako inalishwa kutoka ALT 3-4, halafu katikati ya wimbo ukabonyeza MUTE kwenye chaneli ya lupa ili uinyamazishe, utakuwa umeielekeza sauti ya lupa kwenye mlango wake yenyewe. Badala ya ukimya unapata kelele. Kwenye miksa ya aina hii lupu hunyamazishwa kwa kidhibiti cha sauti cha chaneli au kwa kitufe cha lupa yenyewe, basi.

Ukishakagua yote hayo na bado inavimba, tatizo linaweza kuwa hewani. Lupu inatoka kwenye monita, spika ya kujisikilizia jukwaani, inaingia kwenye maiki, inarekodiwa tena pamoja na sauti yako. Hapa haivimbi kwa kasi. Inazidi kuwa nzito na yenye ukungu kila tabaka, besi inajaa, maneno yanapoteza makali. Kipimo ni chepesi: zima monita zote, vaa hedifoni, rudia wimbo uleule. Ukungu ukiondoka, waya zako hazina kosa. Geuza monita ikae pale maiki isiposikia: maiki ya kadioidi ni kiziwi zaidi nyuma kabisa, nyuzi 180, wakati ya supakadioidi ni kiziwi kwenye nyuzi 126 hivi, pembeni kwa nyuma, na nyuma kabisa inasikia kiasi. Watu wengi huweka monita nyuma kabisa ya supakadioidi kisha wanashangaa. Zaidi ya hapo, fungua njia ya maiki kwenda lupa pale tu unaporekodi. Swichi ya mguu ya kuzima maiki ni bei ndogo kulipia usafi huo.

Sauti imekuwa nyembamba, kama imekwanguliwa katikati

Gitaa peke yake ni zuri. Unafungua chaneli ya lupa, hata lupu haijaanza, na gitaa linapoteza mwili. Au sauti ya mwimbaji inapata mlio wa bati.

Hapa umejenga sambamba lakini lupa bado inapitisha sauti ghafi. Sauti moja inafika kwenye spika mara mbili: moja kwa moja kupitia miksa, na tena kupitia lupa, ikiwa imechelewa kidogo kwa sababu lupa ya kidijitali inaigeuza kuwa namba na kuirudisha. Kuchelewa kwa milisekunde 1 hakusikiki kama mwangwi, lakini kunatosha kufuta masafa ya Hz 500, 1,500, 2,500 na kuendelea. Ikichelewa milisekunde 2, mashimo yanaanza Hz 250, katikati kabisa ya uhai wa gitaa na sauti ya mtu. Ekwalaiza haiwezi kuziba mashimo hayo, kwa hiyo usipoteze muda nayo.

Tafuta kwenye lupa mpangilio wa kuzima sauti ghafi. Kila mtengenezaji ana jina lake, lakini maana ni moja: mlango wa kutokea utoe lupu tu. Lupa yako isipokuwa na mpangilio huo, usiinunulie mwenzake bado. Iache ipitishe sauti ghafi, wewe uondoe ile njia ya miksa: weka AUX iwe kabla ya feda, kisha shusha feda ya chombo hadi chini kabisa. Sasa chombo kinasikika kupitia lupa peke yake, na umegeuza sambamba kuwa mfululizo bila kuhamisha waya hata mmoja.

Hiyo ndiyo sababu ya watu kupenda ALT 3-4. Chaneli ikihamia huko inatoka kwenye mchanganyiko mkuu, kwa hiyo haiwezi kusikika mara mbili. Bonyeza kitufe, chombo kinapita lupani. Bonyeza tena, kinaenda moja kwa moja kwa wasikilizaji. Unachagua chombo kwa chombo nani arekodiwe. Kumbuka tu kwamba sauti inayokwenda huko imeshapita kwenye kidhibiti cha sauti cha chaneli.

Nikishusha feda, lupa nayo haipati kitu

Au kinyume chake: umeshusha feda ya maiki hadi sifuri, umemwambia jirani jambo la siri, na mzunguko unaofuata wasikilizaji wote wanalisikia.

Yote ni suala la AUX kuwa kabla au baada ya feda. Iliyo baada ya feda inafuata mkono wako: ukishusha, na lupa inapata kidogo. Iliyo kabla ya feda haijali. Kwenye miksa ndogo za analogi, kitufe kilichoandikwa FX kwa kawaida kiko baada ya feda na kilichoandikwa MON kiko kabla. Miksa nyingine zina swichi ya PRE/POST, na za kidijitali kama Behringer XR18 zinakuruhusu kuchagua kwa kila chaneli sauti ichukuliwe wapi.

Kwangu mimi, mwimbaji anayetumia sambamba anahitaji kabla ya feda. Kiwango kinachoingia kwenye lupa kikiwa hakitikisiki, tabaka zote zinatoka na uzito unaoeleweka, na unaweza kurekodi kimyakimya, feda ikiwa chini, kisha ukaifungua lupu kwa mshangao. Anayetumia maiki moja kwa kila kitu, ngoma ya mdomo, besi na sauti, anaweza kupendelea baada ya feda ili kushusha kwake kushushe kote. Lakini achague mwenyewe, asichaguliwe na miksa.

Inakwaruza

Jiulize inakwaruza lini. Tabaka la kwanza likiwa tayari chafu, mlango wa kuingilia wa lupa umezidiwa. Matatu ya kwanza yakiwa safi na la nne likaharibu, hesabu ndani ya lupa imejaa.

Kwa hilo la kwanza, fahamu kwamba lupa nyingi za miguuni zilitengenezwa kwa ajili ya gitaa, na AUX ya miksa inatoa zaidi ya hapo. Kiwango cha vifaa vya kitaalamu ni +4 dBu, karibu volti 1.23. Kile cha vifaa vya nyumbani ni -10 dBV, karibu volti 0.32. Tofauti ni karibu desibeli (dB) 12, na gitaa la kawaida mara nyingi liko chini hata ya hapo. Ndiyo maana miksa inaonyesha kijani huku taa ya lupa ikiwaka nyekundu. Punguza kitufe kikuu cha AUX, acha gein ya chaneli, kidhibiti cha nguvu ya sauti inayoingia, ilipo. Anayepunguza gein anaharibu kila kitu kingine kwa ajili ya lupa.

Kwa la pili, rekodi kwa kiwango cha chini tangu mwanzo, vilele vikae karibu na -12 kwenye mita. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikijumlishwa zinaongeza dB 3, lakini mipigo inayofanana na kuangukia papo hapo, kama noti ileile ya besi mara mbili, inaweza kuongeza dB 6. Lupa zenye uwezo wa kupunguza tabaka za zamani kila mzunguko zinasaidia: kuziacha tabaka hizo zishuke hadi asilimia 90 au 95 kila duru kunalipa tabaka jipya nafasi.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwa mchaniko wa nyuma, ule mlio wa "shhh". Kila idadi ya tabaka inapoongezeka mara mbili, kelele inapanda dB 3. Tabaka nane zimeipandisha dB 9. Kelele uliyoivumilia kwenye gitaa moja inakuwa mvua ya mabati ukifika mwisho wa wimbo.

Mvumo na mlio mwembamba wa umeme

Mvumo mzito wa Hz 50 au 60 na jamaa zake ni kitanzi cha ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini): lupa na miksa zimeunganishwa kwa waya wa sauti na pia kwa ethi ya umeme kupitia soketi mbili zilizo mbalimbali. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Bado ukiwepo, weka DI, kisanduku cha kuunganisha chombo na miksa, ya transfoma yenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Ethi ya plagi usiiguse, usiikate, usiifunge kwa tepu. Hiyo inalinda maisha yako.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka ni jambo lingine. Lupa ya kidijitali inashirikiana adapta moja na vikanyagio vingine, vifaa vya efekti vya mguuni. Ipe umeme wake, na kabla ya kuchomeka soma miliampea, volti na upande wa chanya kwenye kibandiko, kwa sababu lupa hula umeme kuliko kikanyagio cha kawaida cha analogi.

Gitaa limekosa uhai tangu liingie kwenye miksa

Gitaa lenye pikapu (kinasa mtetemo) isiyo na betri linataka mlango wenye ukinzani wa megaohm 1 hivi. Mlango wa laini wa miksa mara nyingi una kiloohm 10 tu. Pikapu ya sumaku ikikutana nao inapoteza trebo. Ya piezo, ile ya magitaa ya mbao, inapoteza besi na kubaki na mlio wa plastiki. Tumia mlango ulioandikwa Hi-Z (wa ukinzani mkubwa), au DI, au pitisha kwanza kwenye kikanyagio chenye bafa, saketi inayoikinga sauti na ukinzani mdogo. Kama lupa ndiyo ya kwanza kwenye mfululizo wako, inafanya kazi hiyo tayari. Na maiki iliyochomekwa kwenye lupa ya gitaa kwa adapta itakuwa dhaifu siku zote, kwani inatoa milivolti chache tu. Mwimbaji aanzie kwenye miksa, au atafute lupa yenye mlango wa maiki.

Nusu ya muziki imepotea

Ngoma na sauti zimeondoka, umebaki na riva (mwangwi wa chumba wa kutengenezwa) na vitu vya pembeni vinavyoelea. Huu ni waya. Umechukua sauti ya stirio, pengine kutoka tundu la hedifoni la lupa, ukaiingiza kwa jeki yenye pete mbili kwenye mlango mmoja wa mono. Mlango huo uliundwa kutoa upande wa kulia kutoka kwenye wa kushoto ili kufuta kelele. Chochote kilicho sawa pande zote, na ngoma na mwimbaji huwa katikati, kinafutika. Waya wa kugawa stirio kuwa jeki mbili unamaliza kazi.

Lupu inaachana na mashine ya ngoma

Vifaa viwili vyenye saa mbili vitaachana, hata vyote vikiandika mapigo 120 kwa dakika. Chagua kiongozi mmoja, waya wa MIDI, lugha ya vyombo kuwasiliana, utoke kwake kwenda kwa wengine, na hao wengine wawekwe kufuata saa ya nje. Saa ya MIDI inagonga mara 24 kwa kila robo noti, kwa hiyo mfuasi anajirekebisha muda wote. Mkia wa riva unaokatwa kwenye mshono wa lupu usiuchanganye na jambo hili. Hapo riva iko kabla ya lupa. Ihamishie baada yake.

Kompyuta ikiwa ndiyo lupa

Sauti mbili zikifuatana, umewasha usikilizaji wa moja kwa moja wa kifaa cha sauti kilichounganishwa na kompyuta na pia ule wa programu. Zima mmoja. Kuchelewa kwa sauti kunatokana na bafa, akiba ndogo ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuchakata: bafa ya sampuli 256 kwa kHz 48 ni milisekunde 5.3 kwa kwenda tu. Ongeza kurudi na kazi ya vigeuzi, unazidi 10.

Mluzi hapa una chanzo chake. Miksa nyingi ndogo zenye USB hupeleka kompyutani mchanganyiko mkuu, na kompyuta inarudi kwenye mchanganyiko huohuo. Yamaha AG06 ina swichi ya kuchagua: LOOPBACK inaichanganya sauti ya kompyuta na kuirudisha, ilhali INPUT MIX inapeleka vyombo tu. Mpiga lupu anataka INPUT MIX. Miksa isiyo na swichi kama hiyo haifai kwa lupu ya kompyuta, labda sauti ya kompyuta uielekeze isirudi kwenye kinachopelekwa.

Basi, miksa gani?

Usianze na idadi ya chaneli. Hesabu njia za kutokea. Unahitaji moja ya kulisha lupa na nyingine ya kulisha monita yako, na lazima ziwe tofauti, kwa sababu kwenye monita unataka kusikia lupu, na kwenye lupa hutaki kabisa. Miksa yenye AUX moja inakulazimisha kuchagua kati ya kujisikia na kurekodi. Hilo limewashinda wengi walionunua miksa ya chaneli kumi na mbili yenye AUX moja ya FX, wakaacha ya chaneli sita yenye mbili.

Mfululizo unatosha kwa mpiga gitaa mmoja na lupa moja. Miksa ya ziada hapo ni mzigo. Ukiwa na maiki, gitaa na kinanda, analogi yenye AUX mbili, moja ikiwa kabla ya feda, au yenye ALT 3-4, inakutosha na mikono inaiona yote kwa jicho moja. Ya kidijitali inakupa njia nyingi na kumbukumbu ya mipangilio, lakini nyingi zake zinaendeshwa kwa tableti, na mwenye mikono kwenye gitaa na miguu kwenye lupa hana kidole cha ziada cha kutelezesha feda kwenye kioo. Vilevile kila kigeuzi kinaongeza kuchelewa kidogo, na kwenye sambamba kuchelewa huko ndiko kulikokula gitaa lako hapo juu.

Ukienda kupiga kwenye ukumbi wenye fundi mitambo wake, mpe njia mbili, moja ya sauti yako ya moja kwa moja na moja ya lupu, usimpe mchanganyiko mmoja. Asipokuwa na nafasi, hakikisha umesawazisha lupu chini kidogo ya sauti yako, maana kutoka mezani kwake hataweza kuitenganisha tena.